Spana Namba 10 ya Tandika

Jumamosi, kwenye gereji moja ya Tandika hapa Dar, lililetwa gari lililokataa kuwaka kwa stata. Corolla AE100, injini ya 5A, gia za mkono. Asubuhi ukizungusha ufunguo stata inapiga "tik" moja, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Ukiisukuma hatua chache inawaka na kutulia kama haijawahi kuugua. Ugonjwa ulikuwa ethi tangu mwanzo, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri. Lakini jioni ile gari lilirudi Mbagala likiwa na distribyuta ya mtumba, na ile ya kwanza iliuawa na spana namba 10 mkononi mwa fundi.

Fundi huyo haki yake nampa. Alikagua plagi zote nne, na alipofunga distribyuta ya pili aliunganisha pini za TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi akapanga taimingi kwenye nyuzi 10 kwa taa, kazi ambayo gereji nyingi za mtaani zinaikisia kwa sikio.

Sasa dakika iliyoiua distribyuta ya kwanza. Injini imewashwa kwa kusukumwa. Mwenye gari, mama wa makamo, anauliza, "Fundi, sasa hii ni betri au ni nini?" Fundi anamjibu, "Usiwe na wasiwasi mama, tunaangalia chaji sasa hivi." Anamwambia kijana wake akanyage mafuta. Injini inapanda sauti. Yeye anainama, analegeza nati ya terminali hasi ya betri, anaitikisa kushoto na kulia, anaing'oa. Cheche ya buluu. Injini inakohoa mara mbili, inazima. "Umeona mama? Alteneta haichaji." Watu wanaitikia kwa vichwa. Kuanzia hapo gari halikuwaka tena hata kwa kusukumwa na vijana sita, kwa sababu plagi hazikuwa na moto.

Nilikuwa nimesimama karibu na taa ya kushoto, na nilichelewa kunyanyua mkono. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kipimo kile ni kibaya popote, lakini pale kilifanyika katika hali mbaya kuliko zote. Betri ilikuwa imechoka kwa kupigwa stata asubuhi nzima, kwa hiyo alteneta ilikuwa ikiijazia kwa nguvu. Juu ya hapo injini ilikuwa imepandishwa. Ukiikata betri ghafla wakati huo, ampea zile zinakosa pa kwenda. Sumaku iliyomo ndani ya alteneta haifi papo hapo, na regyuleta inahitaji muda kidogo kuibana. Katika muda huo mfupi volti zinaruka. Kwenye mfumo wa volti 12 usio na kinga zinaweza kupita 80, na zinapita kila mahali: kwenye kompyuta ya injini, kwenye dayodi za alteneta yenyewe, kwenye redio, na kwenye ignaita, ile transista inayoikatia koili umeme ili plagi ipate moto.

Na jibu lenyewe halipatikani. Injini ikiendelea kunguruma baada ya betri kung'olewa, umejua tu kwamba alteneta inatoa kitu, hujui ni kiasi gani. Ikizima, hujui kama ni alteneta mbovu au ni wewe umeua kitu kingine. Mita ya bei ndogo ingemjibu bila kugusa nati yoyote: weka ncha mbili kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma, usome. Kati ya 13.5 na 14.5 alteneta ni nzima. Nimeliandika hili mara nyingi hapa na nitaendelea kuliandika. Anayejiita fundi umeme wa magari bila kuwa na mita anabahatisha kwa fedha ya mwenye gari.

Lakini hata swali la chaji halikuwa swali la gari lile. Gari linalokataa stata kisha linawaka mara tu linaposukumwa limeshakueleza karibu kila kitu. Petroli ipo. Moto upo. Kompyuta inapata umeme. Kilichokosekana ni umeme mwingi wa stata peke yake. Moto wa plagi unahitaji ampea chache tu, stata ya gari dogo inahitaji mia na zaidi. Kutu iliyojificha chini ya bolti moja haiwezi kuzuia ampea chache, lakini inazizuia zile mia. Piga hesabu: upinzani wa omu 0.05, kitu kidogo ambacho mita ya kawaida haiwezi kukisoma vizuri, ukitaka kupitisha ampea 120 unakula volti 6. Nusu ya betri inaishia kwenye kutu. Solenoidi inavuta, inapiga "tik", mota haina nguvu ya kuzunguka. Na sisi wa Dar, kwa chumvi ya hewa ya bahari na gari kuoshwa kwa presha chini kila wiki, tungekuwa wa kwanza kushuku ethi. Badala yake tunashuku kitu kinachouzwa.

Najua tabia hii ilikotoka, na sitaki kuwatukana wazee. Enzi za dainamo na platini watu waling'oa betri na gari likaendelea na safari. Ndani ya distribyuta kulikuwa na platini mbili za chuma na kondensa pembeni. Hapakuwa na transista ya kuungua, na ukizidisha volti ulipoteza balbu. Mkono ukazoea. Magari yakabadilika, mkono haukubadilika.

Ila wazee wale walikuwa na kitu ambacho sikukiona Tandika: walianza kwa kuuliza gari. Mzee aliyenifundisha kazi Chang'ombe alikuwa na balbu ya taa ya breki iliyochomelewa waya mbili, basi, hiyo ndiyo maabara yake yote. Gari likipiga "tik" alituma mtu kwenye ufunguo, yeye akashika kebo ya akseleta kwa vidole viwili. Ikipata joto, aliiacha betri na kuingia chini ya gari moja kwa moja, kwa sababu umeme uliokosa njia ya ethi ulikuwa unarudi kwa kupitia kebo ile nyembamba. Zile Peugeot 404 za mjini zilikuwa na tundu la hendeli mbele. Stata ikigoma uliizungusha injini kwa mkono, na ikiwaka tayari ulikuwa umetenga ugonjwa kabla hujafungua kitu. Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mbio za magari za Safari Rally na 404 mwaka 1966 na tena 1967, Chris Rothwell akiwa pembeni yake. Joginder Singh, aliyeshinda 1965 na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, alikuwa ameanzia kwenye spana za gereji. Kwenye tope la Safari hakuna kubahatisha distribyuta. Unasikiliza, unatenga, unagusa kitu kimoja.

Turudi Tandika. Distribyuta ya pili ilipofungwa, moto ukarudi, taimingi ikapangwa vizuri kama nilivyosema. Mama akaingia, akazungusha ufunguo. "Tik." Ile ile ya asubuhi.

Hapo ndipo nilipoomba nafasi. Nilimwambia fundi, "Kaka, naomba dakika moja tu." Ncha moja ya mita niliiweka juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, siyo kwenye kishikio chake, nyingine kwenye chuma cha injini, nikamwomba mama azungushe tena ufunguo. Inatakiwa usome chini ya volti 0.3. Tulisoma 4.1. Kijana wa fundi aliingia chini na kutoka na kebo ya ethi ya kwenye gia boksi. Kwa nje mpira wake ulikuwa mzima kabisa. Kishikio chake kilikuwa kimejaa unga wa kijani, na tulipokichuna nyuzi za shaba zilikatika kama majani makavu. Tulikata mpaka kwenye shaba nyekundu, tukafunga kishikio kipya, tukapiga msasa pale bolti inapokaa, tukakaza. Mita ikasoma 0.15. Gari likawaka kabla mama hajamaliza kuzungusha ufunguo.

Fundi alinipa distribyuta iliyokufa, na nilimshukuru kwa hilo. Nimeifungua nyumbani juzi. Koili imesoma sawa upande mdogo na upande mkubwa. Pikapu imesoma sawa. Kifuniko hakina ufa, rota haijalika. Kilichoungua ni ignaita.