Treni Tuliyoisoma na Treni Tuliyoikosa

Vijana wenzangu wenye kalamu, leo nina ugomvi kidogo na nyinyi. Si ugomvi wa ngumi, ni wa maneno, na maneno ndiyo kazi yetu hapa. Katika maandishi yanayopita mikononi mwangu hapa Sumbawanga, mashairi, hadithi fupi, hata barua za mapenzi, kuna treni ya usiku inayopita mno. Inapiga honi, inafuka moshi, mwezi unawaka dirishani, na ndani yake yumo kijana aliyemwacha mpenzi wake stesheni akipunga leso. Safi kabisa. Lakini jamani, Ufipa haina reli! Toka Laela mpaka Namanyere, toka Matai mpaka chini kule bonde la Rukwa, hakuna pahala utakapokanyaga mataruma. Sasa hiyo treni mmeipandia wapi?

Mtaniambia ubunifu haukatiwi tiketi. Kweli, na mimi simkatazi mtu kuandika asichokiona kwa macho. Ninachouliza ni kingine: hiyo treni mmepewa na nani? Maana nikiisoma vizuri naona hata si ya kwetu Tanzania. Ina vitambaa vyeupe mezani, vijiko vinavyong'aa, na mhudumu anayepita koridoni akigonga marimba ndogo kuwaita watu kwenye chakula cha jioni. Asubuhi abiria anafungua pazia na kuwaona tembo wa Tsavo. Hiyo, washikaji, ni treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa. Tena si treni nzima. Ni mabehewa yake mawili matatu ya mbele, ya wenye nazo.

Tuiseme kwanza kwa haki. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria, pale panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Kwa miaka mingi treni ya abiria iliondoka jioni na kufika upande wa pili asubuhi: karibu kilomita 530, saa 13 hivi kama mambo yamekwenda sawa, na mara nyingi hayakwenda sawa. Mwaka 2017 ikasimamishwa. Tarehe 31 Mei mwaka huohuo ikazinduliwa treni mpya ya reli pana, Madaraka Express, inayotumia saa kama tano tu. Tangu hapo kila aliyewahi kulala kwenye ile ya zamani ana la kukumbuka, na wengine walioshika kalamu wameikumbuka kwenye magazeti ya nchi za nje, kwa Kiingereza kizuri. Huko ndiko mlikoitoa.

Sasa tazameni mnachokopa. Kwanza, moshi. Treni iliyokufa mwaka 2017 ilivutwa na kichwa cha dizeli, siyo cha mvuke. Lile wingu jeupe lipandalo juu ya miti kwenye mashairi yenu ni la enzi za babu, limekuja kwenye karatasi kwa sababu neno "gari la moshi" lina moshi ndani yake. Kosa dogo? Dogo, ndiyo. Lakini msomaji akishajua kwamba hukuiona treni, hatakuamini tena hata ukimwambia habari za huyo mpenzi wako wa stesheni.

Pili, jina. Wapo wanaoiita "treni ya wendawazimu", eti ndilo jina lake. Jina hilo halikutoka kwa Mkamba wala Mtaita aliyepitiwa na reli mbele ya mlango wake. Mzizi wake ni kejeli za wanasiasa wa London miaka ya 1890, Henry Labouchere akiwa mmojawapo, waliokuwa wakilalamikia gharama. Baadaye Charles Miller akalifanya jina la kitabu, The Lunatic Express, mwaka 1971, nalo likashika. Kwa hiyo kijana wa Sumbawanga akiandika "treni ya wendawazimu" anasema maneno ya mheshimiwa mmoja wa Bunge la Uingereza aliyekuwa akigombania fedha za walipa kodi wa huko. Je, ndicho ulichotaka kusema? Wanandi walikuwa na jina lao, nyoka wa chuma, na walikuwa nalo kabla reli haijafika kwao, kwenye utabiri wa orkoiyot wao Kimnyole. Hilo nalo ni fasihi, na limebeba hofu ya wenye ardhi. Mbona hakuna aliyelichukua?

Tatu, na hapa ndipo ugomvi wangu ulipo hasa: simba. Mwaka 1898 simba wawili walikula watu kambini Tsavo, kwenye ujenzi wa daraja. Aliyewaua, J. H. Patterson, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1907. Ngozi zao zimo kwenye jumba la makumbusho la Chicago, zimejazwa, zinatazamwa na watoto wa shule. Patterson alidai waliliwa watu 135. Utafiti wa mwaka 2009 ulikadiria takriban 35. Sawa, hata 35 ni wengi. Lakini wafanyakazi walioletwa kutoka India kujenga reli hiyo walikuwa wapatao 32,000, na waliokufa wakiijenga, kwa maradhi na ajali zaidi kuliko meno ya simba, walikaribia 2,500. Simba wawili wana kitabu, wana sinema, wana kabati la kioo. Hao 2,500 nani anawataja? Mashairi matatu niliyosoma mwaka huu yana simba wa Tsavo. Hakuna hata moja lenye mtu aliyelaza taruma.

Hivi ndivyo kumbukumbu ya kukopa inavyofanya kazi. Ukiikopa, unakopa na usahaulifu wake. Mwenye treni ile ya vijiko aliisahau Januari 1993, usiku ambao treni ya njia hiyohiyo ilitumbukia mtoni kwenye daraja la Ngai Ndethya lililoharibiwa na mafuriko, wakafa watu zaidi ya 100. Nawe unaisahau pamoja naye, bila hata kujua kwamba kulikuwa na kitu cha kusahau. Kwetu Tanzania tuna Igandu, Dodoma, Juni 2002, ambako treni ya abiria ilirudi nyuma mlimani ikagonga ya mizigo, na watu 281 wakafa. Anayeandika treni ya usiku kwa Kiswahili bila kujua kwamba neno hilo kwenye nyumba fulani linaleta kilio, anachezea moto.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi treni ile isililiwe. Nasema tuulize alilia nani, na kwa nini. Na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mama anayempeleka mtoto mgonjwa Nairobi haikumbuki treni ya saa 13. Anaipenda ya saa tano, na ana haki. Mfanyabiashara aliyekuwa anakaa Voi nusu siku kwa sababu kichwa kimeharibika hana shairi la kuandika. Kwetu pia, tangu mwaka 2024 mtu anakwenda Dodoma kutoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme na kurudi siku hiyohiyo, na sijamsikia anayelalamika kwamba amenyimwa usiku. Kumbukumbu isiyokubali kwamba jambo jipya lina faida yake ni ulevi tu.

Basi kilichopotea ni nini? Mimi nadhani ni usiku wenyewe. Kwenye daraja la tatu hakukuwa na marimba wala shuka. Kulikuwa na benchi, magoti ya mtu usiyemjua, kikapu cha kuku, mtoto wa jirani aliyekulalia begani bila kuomba ruhusa. Kwa saa 13 huwezi kumnunia mtu huyo. Saa mbili za kwanza mtanyamaza, ya tatu atakuomba umshikie mzigo, ya tano mtakuwa mnakula ndizi zake, na kabla ya alfajiri utakuwa unajua kwa nini ndoa yake ilivunjika. Kila stesheni wanawake wanakuja na taa na sinia, mayai, mahindi, chai, biashara inafanyika dirishani kwa dakika tatu, na bei inapungua treni ikianza kusogea. Huo ulikuwa ukumbi wa hadithi usio na kiingilio zaidi ya tiketi. Kwenye treni ya saa tano unalala au unachezea simu, unafika. Nyinyi mnaojiita watunzi, hicho ndicho kifo cha kuandika. Cha vijiko waachieni wenye vijiko.

Najua swali litakalokuja: sasa sisi wa Ufipa tuandike nini, wakati hata benchi la daraja la tatu hatukuwa nalo?

Tuandike kukosa. Mada hiyo ni kubwa kuliko treni yenyewe, na hakuna wa kutunyang'anya.

Fikirieni ramani. Kaskazini, Mpanda ina reli: tawi la karibu kilomita 210 kutoka Kaliua, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Lilijengwa kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya madini ya risasi ya Mukwamba. Risasi ilipangiwa treni, Mfipa hakupangiwa. Kusini, Tunduma, inapita reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975. Sumbawanga imekaa katikati ya hizo mbili, na kwenda Tunduma tu ni zaidi ya kilomita 220, ambazo kabla ya lami zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mkoa wetu ulitajwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kama mikoa minne ya mahindi, na mahindi yenyewe yalipanda lori.

Magharibi kuna ziwa. Meli ya Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma kwa reli iliyofika huko mwaka 1914. Ikaingia majini mwaka 1915, Wajerumani wenyewe wakaizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Kwa miaka mingi ndiyo iliyowachukua watu wa Kasanga na Kipili. Mnaiona hadithi hapo? Kitu pekee cha treni kilichotufikia sisi ni mzigo uliobebwa na treni, nao ukawa meli! Mtu wa Ufipa aliyetaka kupanda gari moshi la Kigoma aliteremka kwanza Kasanga, akangoja meli, akalala ziwani, ndipo afike stesheni. Kwake, treni ya usiku ilianza siku kadhaa kabla ya treni.

Hilo ndilo shairi. Lori la mahindi, mtu juu ya magunia na blanketi, baridi ya Ufipa ambayo wa pwani hawaijui, tochi, wasiwasi wa kuchelewa treni ambayo hujawahi kuiona. Mama mmoja wa mtaani kwetu, muuza dagaa, aliniambia kwamba mara ya kwanza alipofika stesheni alikuta treni imeondoka jana yake, akakaa hapo mpaka ijayo, na katika kungoja ndipo alipompata mume. Nilimwuliza treni yenyewe ilikuwaje. Akasema, "Mwanangu, treni ilikuwa treni tu. Kungoja ndiko nilikokujua." Nawauliza: nani kati yenu ameandika stesheni ya kungojea? Hakuna. Wote mmekimbilia ndani ya behewa.

Na kuna sababu nyingine ya kuwashika mkono kwa nguvu hivi. Wenzetu wa miji mingine wakiandika Sumbawanga huandika uchawi. Jina la mji wenyewe linamaanisha tupa uchawi, lakini wao wameliokota palepale lilipotupwa. Sisi tusipoandika baridi yetu, malori yetu, tanuri za chuma za mababu, wanawake wanaopanda na ndoo kutoka ziwani, hakuna atakayetuandikia. Halafu sisi wenyewe, tukipewa kurasa zetu kwa shida, tunazijaza tembo wa Tsavo! Ni kama mtu aliyeazimwa kipaza sauti dakika moja akaitumia kumwiga mtangazaji.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayeleta treni tena. Moja: tuambie ni treni ipi, njia ipi, mwaka gani, daraja la ngapi. Mbili: mpe jina angalau mtu mmoja asiye na tiketi, yaani muuza mayai, mpanga mataruma, kuli. Tatu: kama hukuipanda, usijifanye umeipanda, andika umbali kati yako na reli, upime kwa magunia, kwa nauli, kwa siku. Nne: usiizike treni haraka. Ile ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilikaa kimya zaidi ya miaka 20 ikarudi Desemba 2019, na waliokuwa wameshaiandikia tanzia wakabaki na karatasi mkononi.

Toleo lijalo nataka kusoma stesheni, si honi. Anayeona nimemwonea alete jibu kwa maandishi, tutalichapa hata kama litaniuma. Kijiweni kila mtu ni bingwa; karatasi ndiyo inayopima.