Asilimia 93 ya nani? Tuikague Spambase

Wengi tulioanza kujifunza kwa mashine tumepitia Spambase, data ya mwaka 1999 kutoka maabara za Hewlett-Packard, Marekani. Ina barua pepe 4601, na kati yake 1813 ni taka. Kompyuta haisomi barua nzima. Kwa kila barua inapewa namba 57: namba 48 zinaonyesha maneno fulani yametokea mara ngapi, kama "free" na "money", zilizobaki ni za alama kama "!" na "$" na mfululizo wa herufi kubwa. Unaifundisha kwa sehemu ya barua, unaipima kwa zilizobaki. Maelezo ya data yenyewe yanataja makosa ya kama 7%. Basi darasani tunaandika "usahihi 93%", tunapigiana makofi.

Hapo ndipo nina ugomvi.

Kwanza, kichujio kivivu kinachosema kila barua ni salama kinapata karibu 61% bila kujifunza chochote. Usianze kuhesabu sifa kutoka sifuri.

Pili, makosa hayalingani uzito. Tangazo la bahati nasibu likipenya, unalifuta, yameisha. Barua ya ufadhili ikizama kwenye taka mpaka tarehe ya kujibu ikapita, je? Maelezo yaleyale yanasema ukitaka barua halali isiguswe hata moja, 20–25% ya taka zitapita. Hiyo bei haionekani kabisa kwenye ile 93%.

Tatu, kati ya dalili za barua salama kuna "george" na "650". George alikuwa mmoja wa waundaji wa data hii. 650 ni namba ya mwanzo ya simu za eneo lao, California. Hawakuficha: walisema wazi kwamba dalili hizo zinafaa kwa kichujio cha mtu binafsi. Kosa ni letu tunaokichukulia kuwa cha watu wote. Kipe barua mbili za Kiswahili, "Shikamoo mwalimu, naomba tukutane kesho" na "Hongera umeshinda, tuma ada leo". Maneno yote 48 yanasoma sifuri kwa zote mbili. Mwanafunzi na tapeli wanakuwa pacha!

Spambase bado ni nzuri kwa kufundishia. Ila mtu akikuletea asilimia yake, muulize: barua halali ngapi zimepotea, na zilikuwa za nani?