Sifa za Msaka Kasoro

Ukurasa uleule unafunguka vizuri kwenye Chrome ya kompyuta, lakini kwenye Safari ya iPhone kitufe cha kulipia kimefichwa na upau wa kivinjari. Mnunuzi hana haja ya kujua kosa ni la nani. Hakioni kitufe, anaondoka. Mtu wa kumrudisha ni fundi anayesaka kasoro za CSS, lugha inayopanga mwonekano wa kurasa za wavuti, na ufundi huo nausifu bila kusita.

CSS ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994, na shirika la viwango vya wavuti, W3C, likaidhinisha toleo la kwanza Desemba 1996. Kanuni zikawa zilezile, vivinjari vinavyozisoma vikatofautiana. Chukua upana wa kisanduku. Ukikipa pikseli 300, nafasi ya ndani ya 20 na mpaka wa 5 kila upande, kanuni zilitaka kienee pikseli 350. Internet Explorer 5 ya Windows ilivibana vyote ndani ya 300. Tantek Çelik akabuni ujanja wa kukilisha kivinjari hicho kipimo chake pekee, kwa kutumia udhaifu wake katika kusoma msimbo. Ilikuwa kazi ya akili kali. Lakini waliotulia na kuuliza kwa nini ndio walioona mbali zaidi, maana hesabu ya Internet Explorer iliyolaaniwa ilikuwa na manufaa yake: baadaye CSS ikapata box-sizing, ili mwandishi ajichagulie hesabu, na leo mafundi wengi huanza kazi kwa kuchagua hesabu ileile ya zamani.

Kuuliza kwa nini kuna njia yake. Fundi hunakili ukurasa kisha huanza kufuta: picha, menyu, fonti, safu ya pembeni. Kila anapofuta hufungua vivinjari vyote viwili na kutazama. Kasoro ikitoweka, hurudisha alichofuta mwisho. Kazi hii inachosha macho, na anayebahatisha kwa kurundika !important, amri ya kulazimisha kanuni, humcheka anayeifanya. Lakini anayefuta hubaki na mistari michache ambayo ndani yake kasoro haina pa kujificha. Kile kitufe, kwa mfano, kinabaki na mstari mmoja: urefu wa 100vh, yaani kioo kizima. Safari ya simu huupima urefu huo kana kwamba upau umekwisha kujikunja, hivyo upau ukiwapo ukurasa huwa mrefu kuliko kioo. Kipimo cha dvh, kinachofuata nafasi iliyopo kweli, kiliingia Safari mwaka 2022.

Basi ukishaipata kasoro ya kivinjari, usiishie kuiziba kwenye tovuti yako. WebKit, Firefox na Chromium zina madaftari ya kasoro yaliyo wazi kwa umma. Peleka huko ile mistari michache, taja toleo la kivinjari na la simu, eleza ulichotarajia na ulichokiona.