Kufuli na ufunguo haviuelezi moyo

Chukua mtu mwenye pumu pale Bariadi, msimu wa pamba, vumbi limembana kifua. Anapewa kidonge cha salbutamoli cha miligramu 4. Kifua kinaachia, ila mikono inatetemeka na moyo unakwenda mbio. Akiuliza, anajibiwa: "Hiyo ni dawa ya mapafu, haigusi moyo. Wasiwasi wako tu."

Jibu hilo limetoka darasani. Tulikaririshwa kwamba dawa ni ufunguo na kipokezi ni kufuli: beta-1 kufuli la moyo, beta-2 la mapafu, basi. Mfano huo Emil Fischer aliutumia mwaka 1894 kueleza vimeng'enya, na kwa swali la nini kinaingia wapi bado unafaa. Unakuonyesha kwa nini propranololi inakaa kwenye kipokezi bila kukiwasha.

Ila moyo wa binadamu una beta-2 pia, ingawa beta-1 ndivyo vingi zaidi. Halafu, na hapa ndipo ninapogombana na vitabu vyetu, kipokezi hiki chenyewe hakifungui mlango wowote. Mimi ningekiita hodi. Ukibisha hodi hujafungua kitu, umewafanya tu waliomo ndani wanyanyuke. Kipokezi kikiwashwa, ndani ya seli hutengenezwa molekuli ndogo iitwayo cAMP. Kwenye misuli ya njia za hewa, inailegeza. Kwenye seli zinazoanzisha mapigo ya moyo, cAMP hiyohiyo inaongeza kasi. Hodi moja, nyumba mbili, wenyeji tofauti.

Seli hizo za moyo hazitulii kabisa. Baada ya kila pigo volti yake hushuka hadi karibu milivolti -60, kisha hupanda polepole mpaka pigo linalofuata. Sehemu ya kinachoipandisha ni mkondo mdogo wa ioni, ambao Brown, DiFrancesco na Noble waliueleza mwaka 1979 kwa kutumia moyo wa sungura, wakiuliza adrenalini inaharakishaje moyo. Waliuona wa ajabu, kwa sababu huamka volti ikishuka, wakati mikondo mingi huamka ikipanda. Mwaka 1991 DiFrancesco na Tortora wakaonyesha kwamba cAMP inajishika moja kwa moja kwenye mlango wa mkondo huo. Mlango unawahi kufunguka, volti inapanda haraka, pigo linawahi. (Mishipa ya damu nayo hutanuka, na moyo huenda mbio kufidia.)

Sasa piga hesabu. Pampu ya kuvuta hutoa mikrogramu 100 kwa mvuto mmoja, kidonge kile kina 4,000, na kinapitia kwenye damu kabla ya kufika kifuani. Yule mtu hana wasiwasi. Anakueleza kwa usahihi kinachotokea kwenye seli zake.

Kama ni wewe, usiache dawa kimyakimya. Rudi kwa daktari, mweleze mapigo yako, na uulize kama pampu inapatikana.