RMS Sifuri ya Giakanja

Ile RMS sifuri, yaani hitilafu sifuri kati ya mchoro na picha, iliyopigiwa makofi mkandarasi alipoonyesha kazi yake, haikustahili hata kikohozi. Mliokuwepo mliona: mchoro wa zamani wa laini ya maji ya Giakanja ukalala juu ya picha ya setilaiti, barabara juu ya barabara, makutano juu ya makutano, na mkandarasi aliyeuingiza kwenye kompyuta akatabasamu. Skani zilikuwa safi, na jedwali la sifa lina kipenyo na aina ya bomba kwa kila kipande. Hayo nayakubali. Ila alipofika kwenye georeferensi, yaani kuupa mchoro mahali pake duniani, alichagua TPS (splaini inayopindapinda) badala ya afini (isiyopinda), na hapo ndipo kazi ilipoharibika.

TPS imeundwa ipite kwenye kila pointi ya udhibiti, yaani mahali panapotambulika mchoroni na kwenye picha pia. Ipe pointi sahihi, itasoma sifuri. Ipe za kubahatisha, itasoma sifuri vilevile. Kuitumia sifuri hiyo kama ushahidi ni mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Hakukuwa na pointi hata moja iliyowekwa kando kwa ajili ya ukaguzi, na hakuna aliyeuliza.

Balaa lenyewe liko bondeni. Tetu, iliko Giakanja, tunaijua: barabara hufuata mgongo wa kilima, lakini bomba la mserereko hutoka upande wa Aberdare likikata mabonde. Pointi zote zilichukuliwa barabarani kwa sababu ndiko kunakoonekana vizuri kwenye picha. Chini, kwenye migomba na miti, hapakuwa na kitu, na splaini isiyoshikwa hujipinda itakavyo. Ndiyo maana laini iliyokuwa nyofu kwenye karatasi imetoka na kiuno. Jamani, ni bomba la GI, la chuma! Vipande vya mita sita vilivyofungwa kwa soketi vitapata wapi kiuno?

Kinachouma ni kwamba pointi ya bondeni ilikuwemo mchoroni. Bomba likikata bonde huwekewa washauti (valvu ya kutolea tope) mahali pa chini kabisa, na valvu ya hewa kileleni. Mchoraji aliziweka zote, akaandika pembeni futi ngapi kutoka ukuta gani. Chemba ya washauti haijahama. Mtu mmoja mwenye GPS ya RTK na buti za mvua angeshuka akaipima. Badala yake mchoro umevutwavutwa kutoka kitini, na zile futi za mchoraji hazikuingizwa hata kama maelezo. Nimesema miaka nenda miaka rudi: ukimlipa mtu kwa kilomita za laini alizochora, atachora kilomita.

Msingi wa mchoro nao si malaika. Mashamba ya Nyeri yaliunganishwa miaka ya 1950, Mpango wa Swynnerton ukiwa wa 1954, na ramani za mipaka, ambazo mchoro ulichorwa juu yake, zikatokana na picha za ndege ambazo hazikusahihishwa kwa mwinuko. Mgongo ulio karibu na kamera hutoka mkubwa, bonde hutoka dogo. Afini ingesoma hitilafu ya mita kadhaa, tena nyingine kubwa kuliko nyingine, na tofauti hizo zingetuonyesha karatasi inadanganya wapi. TPS imezifuta zote.

Mnajua nitafika kwenye Arc 1960, datamu ya zamani ya ramani zetu. Misalaba ya gridi ilikuwepo mchoroni, kwenye datamu hiyo na duaradufu ya Clarke 1880. Ukizibandika namba zake za UTM 37 Kusini kwenye WGS84 bila kuzigeuza, unahama karibu mita 300 kwenda kaskazini au kusini. Ndiyo, inasumbua. Lakini ukizigeuza ipasavyo unapata shahidi wa pili asiyetegemea setilaiti. Huyu bwana aliiruka misalaba yote, kisha kwenye metadata akaandika WGS84, nukta.

Na hitilafu si aibu. Mpimaji Martin Hotine alipopima tao la meridiani ya 30 upande wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1930, alipanda vilima na theodolaiti. Katika kazi ya namna ile pembetatu haifungi sawasawa. Ziada yake ndiyo inayoeleza mpimaji amefanya nini. Angeletewa sifuri angerudisha daftari.

Salio la mkandarasi bado halijalipwa. Lisilipwe mpaka laini za GI zinyooke, kila washauti na valvu ya hewa ipimwe kwa miguu, na kila kipande kiwe na safu inayosema kimetoka kwenye GPS, kwenye futi za mchoraji, au kwenye makisio.