Neno “Mtandao” na Mzigo Uliolizidi

Miongoni mwa istilahi zilizoenea upesi katika Kiswahili cha leo ni neno mtandao. Lina uhusiano na kitenzi kutanda, na umbo lake halina kasoro. Kasoro imo katika matumizi. Intaneti ya dunia nzima huitwa mtandao. Huduma ya kampuni ya simu ni mtandao. Vyombo vilivyounganishwa nyumbani navyo ni mtandao. Mtu akilalamika kwamba “mtandao umekatika”, fundi hajui aanzie wapi.

Upungufu huu hudhihirika zaidi katika maelezo ya vyombo vya Wi-Fi vinavyouzwa kwa seti ili viwekwe vyumba mbalimbali, mfumo uitwao meshi. Tafsiri imjiayo mfasiri upesi ni “mtandao wa wavu”. Picha hiyo yavutia, lakini yapotosha. Wavu hushikana pande zote; bali katika nyumba nyingi ni chombo kimoja tu kilichofungwa kwa kebo kwenye modemu, na vingine hupokea mawimbi na kuyarusha tena. Redio ileile ikipokea na kurusha katika masafa yaleyale, kasi hupungua kwa karibu nusu kila data inaporushwa upya, na ukuta wa zege huyadhoofisha mawimbi zaidi. Msomaji aliyeahidiwa wavu huongeza chombo kingine, akalipa, na hali isitengemae.

Kwa maoni yetu, “mtandao wa kupokezana” ungefaa zaidi. Kila aliyetazama mbio za kupokezana vijiti ajua kuwa kila mpokezano una gharama yake. Yawezekana istilahi hii ikaonekana ndefu, lakini yaeleza kazi yenyewe.

Vivyo hivyo “mtandao usio na waya” huficha jambo kubwa: vyombo hivyo vyaweza kuunganishwa kwa kebo ya itheneti, iliyobuniwa mwaka 1973, ambayo leo hupitisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100. Simu itaendelea kutumia mawimbi, lakini mpokezano hautapita hewani. Kebo na mawimbi, basi, si mahasimu.

Yafaa wafasiri watenganishe: intaneti iwe ya dunia, huduma iwe ya kampuni, na mtandao wa nyumbani uwe wa vyombo vya mwenye nyumba. Hapo mlalamikaji atajua amwendee nani, na fundi ashike kipi kwanza.