Kanda na Kumbukumbu katika Uhakiki wa Ushairi wa Kisomali wa Mandera

Mhakiki wa fasihi simulizi aendaye Mandera hurudi na kanda. Shairi lililonaswa huandikwa, kanda hutiwa kabatini, na tangu hapo maandishi hayo ndiyo huitwa shairi lenyewe. Mazoea haya yana kasoro mbili: yanaichukua kanda moja kuwa hifadhi, na yanapuuza utaratibu wa kuhifadhi waliokuwa nao washairi kabla ya kinasa sauti.

Utaratibu huo umo ndani ya utungo. Katika gabay huchaguliwa sauti moja ya mwanzo, na kila kipande cha kila mshororo sharti kiwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, tangu mwanzo wa shairi hadi mwisho. Irabu zote huhesabiwa kuwa sauti moja. Mizani nayo huzingatia urefu wa irabu, si idadi ya silabi tu kama ilivyo katika shairi la Kiswahili. Mghani hutaja mtunzi, kisha hutoa maneno ya mtunzi, si yake. Akiteleza, sauti humsuta mbele ya wasikilizaji. Ndivyo tungo za Sayyid Maxamed Cabdulle Xasan, aliyefariki mwaka 1920, zilivyochukuliwa vifuani mwa watu hata Jaamac Cumar Ciise akatoa diwani yake Mogadishu mwaka 1974, miaka miwili baada ya Kisomali kupewa hati rasmi za Kilatini.

Hata hivyo ulinzi huu usisifiwe kupita kiasi. Sauti ya mwanzo hufichua neno lililobadilishwa. Haifichui mshororo uliosahauliwa mzima. Mishororo kumi ikianguka, iliyobaki bado itakuwa na urari kamili. Pengo hilo hugunduliwa na mghani wa pili tu, aliyelipokea shairi kwa njia nyingine.

Mafundi wa kanda za kompyuta wanalijua tatizo hili. Programu ya tar, iliyotoka na toleo la 7 la Unix mwaka 1979, hutanguliza kila faili kwa kichwa chenye jumla ya kuhakikishia. Lakini jumla hiyo hukithibitisha kichwa tu, si yaliyomo. Tena, katika Linux kifaa kimoja cha kanda kina majina mawili: /dev/st0, ambalo baada ya kuandika huirudisha kanda mwanzo, na /dev/nst0, ambalo huiacha ilipofikia. Karani aandikaye tungo za Jumatatu na kisha za Jumanne kwa jina la kwanza, hukuta za Jumanne zimezifuta za Jumatatu, na mashine haikunung'unika. Kwa hiyo fundi mwangalifu huisoma kanda upya, huilinganisha na asili kwa amri ya tar -d, na nakala nyingine huiweka jengo jingine.

Mwaka uo huo wa 1979 Maxamed Xaashi Dhamac "Gaarriye" alianzisha Deelley, mnyororo wa mashairi ya kujibizana yaliyofuata sauti ya d. Kaseti ndizo zilizoyasambaza, na kila aliyejinakilia akawa mhifadhi, pengine bila kujua.

Mandera haja ni kubwa zaidi. Miongoni mwa Wagarre wamo wasemao lahaja ya jamii ya Kisomali na wamo wasemao lugha iliyo karibu na Kiborana. Mwandishi aliyezoea Kisomali cha kaskazini "husahihisha" neno la lahaja bila kuharibu sauti yake ya mwanzo, na hapo urari haumshtaki. Kanda peke yake ndiyo iwezayo kumshtaki. Lakini joto la Mandera huzidisha kupenya kwa sumaku kutoka mzingo mmoja wa kanda hadi mwingine, hata neno likasikika kwa mbali kabla ya kutamkwa. Na kaseti ya dakika 120, kwa wembamba wake, hunyooka upesi.

Basi toleo lolote la shairi la Mandera lituambie mghani alilipokea kwa nani, na kama kanda ilichezwa mbele ya mghani mwingine, hata ng'ambo ya mpaka, Bula Hawa. Nakala moja ibaki Mandera kwenyewe. Na pale mishororo ya wawili hao isipolingana, zichapwe zote mbili, kila moja na jina la kinywa ilikotoka.